Mkono Chini ya Shuka

Daktari aliuliza swali moja tu la ukoo, na mamangu akalijibu kabla sijafungua mdomo. "Katika familia yenu, kuna mtu mwengine aliyewahi kuumwa hivi? Kuharisha damu kwa miezi, kukonda, maumivu ya tumbo yasiyokwisha?" Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, buibui limetandazwa vizuri. "Hakuna," akasema. "Sisi ni watu wa matumbo mazima." Mimi nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu mamangu ndiye aliyekuwa akijua habari za ukoo wetu, wazima na waliokufa. Daktari akaandika. Binti yangu alikuwa amejikunja kwenye kitanda cha uchunguzi akiuma ncha ya mtandio wake, na hakuna aliyemuuliza yeye.

Neno hilo moja lilitupotezea karibu mwaka mzima. Nalisema bila kulilainisha kwa sababu mamangu mwenyewe aliniachia ruhusa, na nitaeleza ruhusa hiyo ilikujaje. Lakini kwanza ni lazima mjue alikuwa nani, la sivyo mtamwona mwongo tu.

Mamangu alikuwa akiosha maiti za wanawake. Mtaa wetu wa Kibokoni, Mombasa, wote ulikuwa wake, na mtaa wa Bondeni walikuwa wakimwita pia. Kukisikika kilio mahali, mtu alikuwa akija kwetu hata kabla kaburi halijaagizwa, naye kikapu chake kilikuwa tayari nyuma ya mlango: kata, pamba, kafuri, majani makavu ya mkunazi, na vitambaa vya mkononi alivyovishona mwenyewe. Maiti haachwi wazi. Hufunikwa shuka kutoka kitovuni hadi magotini, na mwoshaji hujifunga kitambaa mkononi akaupitisha mkono chini ya shuka, akaosha bila kutazama. Macho hayaoni kitu, lakini mkono unaona. Na kile ambacho mkono umekikuta, iwe kovu, iwe uvimbe, iwe mfupa uliotokeza, hubaki hapo hapo. Mwoshaji akikitoa nje, amemvua nguo mtu asiyeweza kujifunika. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyofanya.

Watu walimpenda kwa hilo. Wanawake wazima na afya zao walikuwa wakimshika mkono harusini, wakicheka, wakimwambia, "Mimi uje unioshe wewe, usiniachie wale wenye midomo." Akiulizwa marehemu alikuwaje, jibu lake lilikuwa lile lile miaka yote: "Mwepesi, na uso wake mzuri." Alilitoa hata kwa jirani yetu mmoja ambaye ilibidi waitwe wanawake wengine waje kusaidia kumgeuza. Nilicheka siku hiyo mpaka nikafukuzwa jikoni.

Mimi sikuifuata kazi ile. Mdomo wangu hauna mlango, kila mtu mtaani anajua. Niliingia kwenye mafuta: asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai na bajia, hapo mbele ya nyumba, moshi wote machoni pangu. Mume wangu alikuwa karani wa kampuni ya malori huko Shimanzi, akitoka mapema na kurudi amejaa vumbi. Mtoto aliyetubakia ni mmoja, huyu binti. Alikuwa akisomea ualimu wa chekechea, mnene wa kiasi, mcheshi, mpenda pilipili. Nasema mnene kwa sababu baadaye watu walisahau kwamba aliwahi kuwa hivyo.

Maradhi yalianza mwezi wa Ramadhani. Akifuturu tu, anakimbilia chooni, na akitoka uso umempauka. Nikamwambia ni kwa sababu anavamia maji baridi. Idi ikapita, akawa bado anakimbia. Tukaambiwa amiba, akameza dawa za amiba. Tukaambiwa taifodi, akadungwa sindano. Tukaambiwa jicho la hasidi, akanywa kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini. Siku aliyoniita chooni kunionyesha damu nilimpiga kofi la bega kwa hofu, nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu, "Mama, ni choo. Ningeanzia wapi kukisema?" Hata mimi nisingejua pa kuanzia.

Ndipo tukampata yule daktari. Ni mtu wa bara, lakini amekaa Mombasa miaka mingi, na huzungumza na wazee kwa adabu kuliko vijana wetu wengi. Alimtia kamera tumboni akaona vidonda. Akatukalisha akatueleza taratibu. Vidonda vile vyaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia utumboni. Au vyaweza kuwa maradhi mengine kabisa, ambayo askari wa mwili wenyewe huugeukia utumbo na kuupiga, leo, kesho, maisha yote. Kwa kamera vinafanana. Lakini dawa zake hazifanani hata kidogo. Dawa ya hayo maradhi ya pili huwalaza wale askari, na ukimpa mtu mwenye kifua kikuu, umekifungulia mlango kimmalize. Kwa hiyo alikuwa akitafuta chochote cha kumwelekeza, na ndipo alipouliza swali la ukoo.

"Hakuna," mamangu alisema, na mwanangu akaanzishiwa dawa za kifua kikuu.

Sitaki kumlaumu daktari. Pwani hii kifua kikuu kimejaa, na hilo jingine wengi walikuwa wakilisikia kama maradhi ya Wazungu. Mtu yeyote mwenye akili angeanza alipoanza yeye. Lakini zile dawa zilimgeuza mkojo rangi ya machungwa na zikamkausha hamu ya chakula, na tumbo halikusikia. Mtaani habari ilienea kabla hatujamaliza pakiti ya kwanza. Kikombe chake kikatengwa katika nyumba za jamaa. Rafiki zake wakawa na shughuli nyingi ghafla. Wateja wangu wa jioni wakaanza kupita upande wa pili wa njia, wameinama wakitazama simu, kana kwamba viazi vyangu ndivyo vinavyokohoa. Na mwanangu hakuwa hata akikohoa!

Wale waliobaki walikuwa na elimu yao. Ni mafuta ya kurudiwa, walisema, wakilitazama karai langu. Ni kuku wa dawa. Ni soda, ni chipsi, ni hawa wasichana wa siku hizi hawali samaki. Kila mazungumzo yaliishia mahali pamoja: zamani maradhi haya hayakuwako. Mamangu alikuwa akikaa barazani na tasbihi yake katikati ya maneno hayo, vidole vinakwenda, mdomo umefungwa. Mimi nilikuwa nikimtazama nikidhani anasoma uradi. Nilikuwa nikimwonea huruma, masikini, mjukuu wake mmoja anayeyuka mbele ya macho yake.

Na kweli aliyeyuka. Nguo zake nilizipunguza, nikazipunguza tena, mwisho nikaacha, akawa anavaa dera juu ya dera ili asionekane. Chuo aliacha. Usiku alilala na taulo, na alfajiri alikuwa akilifua mwenyewe kabla sijaamka, akijua kwamba nimeamka na najifanya nimelala. Nilikuwa nikiwakaangia watu chakula na wangu hawezi kukila. Kuna asubuhi nilikanda unga wa mahamri nikilia, nikautupa wote, kwa sababu nani atanunua mahamri ya mtu anayelia? Niliomba dua zote nilizozijua. Kisha nikaacha kuomba apone, nikaanza kuomba tu apate siku moja bila maumivu, na hiyo pia haikuja.

Siku moja ya kliniki nilimfuata daktari ukumbini. Benchi lilikuwa limejaa, na walioketi hawakuwa wazee. Walikuwa vijana, wembamba, kila mmoja amekaa karibu na mlango wa choo kadiri awezavyo. Nikamuuliza, "Daktari, maradhi haya yametoka wapi?"

"Nilipoanza kazi hapa, Mama, mgonjwa wa namna hii nilikuwa namwona kwa nadra sana," akasema. "Tulikuwa tukiitana tuje tumtazame. Sasa sipitishi kliniki bila kijana mmoja, au wawili."

"Kwa hiyo yanazidi."

"Naamini yanazidi. Lakini siwezi kukuapia. Huenda zamani walikuwako, wakafia majumbani, ikasemwa ni kuhara, au bawasiri, au husuda. Ukitaka kujua kitu kimepanda kiasi gani, ni lazima ujue jana kilikuwa wapi. Na jana hatuna."

Jana hatuna. Nilitembea na maneno hayo mpaka nyumbani. Nilipofika, mamangu alikuwa anatoka na kikapu chake. Kulikuwa na msiba Bondeni, msichana. Nikasimama mlangoni nikampisha, na hapo ndipo fikra iliponijia, polepole na kwa ubaridi, kwamba jana ipo. Imo katika mkono wa huyu mwanamke anayenipita sasa hivi.

Alirudi alasiri. Kwa kawaida alikuwa akioga, akisali, akila. Siku hiyo hakuoga kwanza. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mwanangu, ambaye alikuwa amelala upande, akasimama akamtazama mifupa ya nyonga ilivyotokeza chini ya leso. Alisimama muda mrefu. Kisha akaja jikoni akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mahali ambapo hakuwa akikaa tangu magoti yaanze kumsumbua.

"Mama," nikasema. "Umekuta nini?"

"Mwepesi," akasema. "Na uso wake mzuri."

"Mama, mimi si mtu wa barazani. Umekuta nini?"

Nikapiga magoti mbele yake, mikono yangu yote unga. Nikamwambia sitaki jina. Sitaki mtaa. Nataka kujua tu kama mkono wake umewahi kukutana na mwili kama wa mwanangu.

"Nnakutana nao," akasema mwisho. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeinua kitu kizito. "Zamani ni mmoja, ikapita miaka, ni mwengine. Watu wazima, wenye wana. Watu wakisema nje, kafa kwa tumbo. Sasa ni wasichana. Naosha wasichana hawana nyama, mwanangu, na tumbo gumu kama ubao. Nawaosha wengi kushinda nilivyowaosha wazee wao."

"Na katika ukoo wetu?"

Hapo akainuka. Akanishika bega ili ainuke. "Usiniulize habari ya maiti," akasema. "Nikianza na mmoja, kesho hakuna atakayestirika."

Nilimpigia kelele. Nilimwambia huyu aliye chumbani si maiti bado, na kama anataka kumngoja awe maiti ndio amjue, basi aweke maji tayari. Maneno hayo niliyasema, na jirani zangu waliyasikia. Mamangu hakunijibu. Alikwenda kuoga, na kwa siku kadhaa hatukusemezana, tukipishana kwenye ukumbi mwembamba kama wapangaji wasiolipana salamu. Nilimchukia. Nilikuwa sijawahi kumchukia mtu niliyekuwa namkandia miguu kila jioni.

Kisha mwanangu akaanguka bafuni. Tumbo lilikuwa limevimba na hakuna kitu kinachopita, si juu wala chini, akawa anatapika kijani. Mume wangu alitoka Shimanzi na gari la mwenzake, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu, na malori ya makontena yametuzibia barabara. Mume wangu alikuwa akipiga honi kama mwendawazimu, naye ni mtu ambaye hata mtoto hamkemei. Mamangu alikuwa kiti cha mbele. Sikujua hata aliingiaje garini.

Hospitalini walimtia mipira puani na mkononi. Daktari wetu akaja, amechoka, macho mekundu. Akatuita katika chumba kidogo chenye pazia. Akasema utumbo umeziba mahali na huenda watalazimika kukata. Lakini kukata peke yake hakutoshi. Kama maradhi yenyewe hayakutulizwa, yatakula na pale watakaposhona. Dawa za kifua kikuu zimeshindwa, na yeye sasa anaelekea kwenye yale mengine. Lakini akikosea atamuua kwa mkono wake. Akatutazama sote. Alionekana kijana ghafla.

"Naomba niulize tena," akasema. "Hakuna yeyote katika familia?"

Mume wangu akainama. Mimi nikamtazama mamangu, na nikiri, nilimtazama kwa jicho la kuua.

Mama akaweka mkoba chini. "Daktari," akasema, "vuta pazia hilo. Na mwite yule muuguzi wa kike asimame nasi." Kisha akatugeukia mimi na mume wangu. "Nyinyi tokeni. Kaeni nje ya pazia."

"Mama, unafanya nini?"

"Habari za maiti sizitoi," akasema. "Lakini mimi ni hai. Hili ni langu."

Tukakaa nje ya pazia. Nilisikia buibui likivuliwa, na vishikizo. Nilisikia daktari akisema, "Pole, Mama, nitagusa kidogo." Mamangu hakuwahi kumwonyesha mwanamume tumbo lake isipokuwa babangu, na babangu, nilikuja kujua, alioneshwa gizani. Mama alisema kwa sauti ile ile ya jikoni kwamba yalimwanza kabla hajanizaa mimi. Miaka ya damu. Kisha jipu chini ya kitovu upande wa kulia likapasuka lenyewe, likatoa usaha na uchafu wa tumbo, likafunga, likapasuka tena. Alilitia asali na bizari na kombe na nguo safi. Siku moja, hajui kwa nini, yakatulia, yakawa yanamtembelea na kuondoka. Hakumwambia mtu. Alikuwa na binti wa kuozesha, na watu wakija kuposa huulizia damu ya ukoo. Ukisema mna maradhi ya ndani, mwanao amekukalia ukutani bila mume.

"Na jamaa wengine?" daktari akauliza. "Dada zako?"

"Hao wamekufa, mwanangu," mama akasema. "Hao usiniulize."

Daktari hakuuliza tena. Mimi nje ya pazia nilikuwa nimeshika ukuta. Nilimkumbuka mama mdogo aliyekufa nikiwa msichana, ambaye katika kila harusi alikuwa akikaa karibu na mlango, na sisi watoto tukimcheka kwa hilo. Mamangu ndiye aliyemuosha. Hakulisema, na kwa kutolisema nilimwelewa vizuri. Nikaelewa pia kwamba mwaka mzima alikuwa amejificha nyuma ya wafu wake. Amana ya maiti ilikuwa kweli, lakini chini yake kulikuwa na aibu ya mtu mzima, naye akaziacha mbili hizo zivae nguo moja.

Daktari alipotoka alisema hilo peke yake halitoshi kumhukumu mgonjwa, lakini pamoja na yote mengine, limemtoa njia panda. Dawa zikaanza siku ile. Walikata pia, kwa sababu sehemu ya utumbo ilikuwa imekwisha, imekakamaa, haiwezi kurudi. Daktari wa upasuaji alituambia wazi kwamba kama angeipata mapema, huenda isingefika hapo. Alisema bila kujua anamwambia nani. Mamangu alikuwa amekaa pale pale, mkoba mapajani, akaitikia, "Naam."

Mwanangu aliamka na mfuko wa choo umebandikwa tumboni. Wiki za kwanza alikataa kuutazama. Mimi ndiye niliyeuosha na kuubandika, naye amegeuza uso ukutani. Aliniuliza ataolewa na nani, nikamwambia akipona nitamwoza kwa sultani. Hakucheka. Jioni moja mamangu aliingia, akamwondolea dera taratibu, akamshika mkono akauingiza chini ya shuka alilojifunga yeye bibi, akauweka tumboni mwake. Sikuona kitu. Nilimwona mwanangu tu, uso wake ukibadilika, akisema, "Bibi, na wewe?" Wakalia pamoja kwa muda mrefu. Mimi nilikwenda kuwasha karai, kwa sababu mtu mmoja katika nyumba lazima afanye kazi.

Sikumsamehe siku ile. Watu hupenda kusikia kwamba mtu husamehe papo hapo; mimi ilinichukua muda, na sina hakika kama nilimaliza. Mwanangu anaishi. Anaishi kwa dawa ambazo mara zipo na mara hazipo. Zikikosekana, nahesabu vidonge vilivyobaki na roho inapanda juu. Kuna siku anaamka vizuri, kuna siku nauona ule weupe usoni na sote tunajua, hakuna anayesema. Kila nikienda kliniki, benchi ni refu kuliko mara iliyopita, na nyuso ni changa zaidi.

Ruhusa yenyewe ilikuja siku mamangu alipokuwa akikunja vile vitambaa vyake vya mkononi. Macho yalikuwa yamekwisha nuru na alikuwa ameacha kuosha. Akaniita, "Njoo hapa." Akanipa kimoja. "Mimi utaniosha wewe," akasema. "Usimpe mtu mwengine. Na utakachokikuta, kiseme."

"Mama, wewe kweli wa kuniambia hivyo?"

"Changu. Nishakifunika vya kutosha, na wamwona mtoto alivyofanywa." Akanifunga kile kitambaa kiganjani mwenyewe, kunionyesha fundo linavyokaa ili lisiteleze na maji.

Alikufa asubuhi, baada ya kusali, bila kumsumbua mtu. Nilimuosha kama alivyotaka. Mwanangu alishika shuka upande mmoja, dera lake limefunika mfuko wake. Mwanamke mmoja aliosha miguu, na jirani yetu wa nyumba ya tatu akawa anamimina maji kwa kata. Nikajifunga kitambaa nikapitisha mkono. Chini ya kitovu, kulia, vidole vyangu vikakutana nalo: shimo lililoziba, ngozi imevutwa kwa ndani, na jingine dogo kando yake. Nilipajua mahali pale. Ndipo napomwosha mwanangu.

Aliyekuwa akiosha miguu akasema kwa desturi, kwa upole, "Mwepesi, mashallah. Na uso wake mzuri." Wakangoja niitikie.

Ningeweza kuitikia. Hakuna aliyeona, ni mkono wangu tu. Nikasema, "Alikuwa na maradhi ya utumbo. Haya haya ya mwanangu. Aliishi nayo tangu kabla hajanizaa, akayaficha, na aliniruhusu niyaseme."

"Astaghfirullahi," akasema yule wa miguuni. "Dada, funika."

Nikajifuta uso kwa mkono mkavu nikaendelea kuosha. Maji yakawa hayaji. Nikainua macho: jirani yetu alikuwa amesimama na kata imejaa, hamimini. Alikuwa miongoni mwa wale waliolihama karai langu.

"Huanza vipi?" akauliza, kwa sauti ndogo sana.

"Vipi nini?"

"Hayo maradhi. Kwa mtoto, huanza vipi?"

Mwanangu ndiye aliyejibu, bila kuliachilia shuka la bibi yake. "Mimi yalianza kwa kukimbia chooni kila nikila," akasema. "Kisha damu. Wako ana miaka mingapi, khaloo?"

"Kumi na mmoja," mwanamke akasema, akainamisha kata, na maji yakaanza tena kuteremka.